Unataka kusomea dawa? Kahawa ya mzee isiishie kwa dalali!

 

Leo naomba tuziweke pembeni habari za mapenzi na mitindo. Najua wengine mtaguna, lakini vumilieni tu, maana mada ya leo inagusa mfuko wa mzazi na miaka ya kijana, na vitu hivyo viwili vikishapotea havirudi hata ukilia vipi.

Siku hizi mwulize kijana aliyemaliza kidato cha nne anataka kusomea nini. Zamani angesema urubani au uanasheria. Leo wengi watakujibu neno moja: famasi! Ukimwuliza kwa nini, atakwambia eti huko kuna hela, unafungua duka lako, unakaa nyuma ya kaunta na koti jeupe, watu wanapanga foleni. Basi!

Ndoto si mbaya, wala mimi si wa kumcheka mtu. Tatizo ni kwamba kati ya ndoto na koti kuna mlango, na pale mlangoni wamejaa watu wenye maneno matamu kuliko asali ya Tabora. Wanaoliwa ni wengi.

Nimezunguka Mbinga siku kadhaa nikisikiliza vijana, wazazi na watu wa maduka ya dawa. Kwa wasiofika huko, Mbinga iko mkoani Ruvuma, kama kilomita 100 hivi magharibi ya Songea. Ni mji wa kahawa. Milima imezunguka kila upande, na Wamatengo wanailima kwa vishimo vyao vya ngoro, ambavyo watu wametoka ng'ambo kuja kuvisoma. Baridi ya mwezi wa sita huko haina masihara. Mtoto wa mjini unayevaa fulana ya kubana utaomba koti mwenyewe!

Ukishuka milima unalikuta Ziwa Nyasa: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Huko sasa ni Wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Lami imeshafika Mbamba Bay, lakini watu wa vijiji vya ufukweni bado wanakumbuka vizuri enzi za kusubiri boti ndipo mgonjwa apate dawa.

MBINGA ILITANGULIA

Sasa nikupe kitu ambacho vijana wengi wa Mbinga wenyewe hawakijui. Ule mtindo wa Duka la Dawa Muhimu, ambao leo unauona karibu kila mji mdogo wa Tanzania Bara, ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na Mbinga ilikuwemo!

Kabla ya hapo kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza zile dawa nyepesi zisizohitaji cheti cha daktari. Lakini si unajua tena mambo yetu! Famasi kamili zilikuwa zimejaa Dar es Salaam na miji mikubwa, huku vijijini hakuna kitu. Mtu ana homa, hospitali iko mbali, duka liko jirani. Matokeo yake dawa za moto zikawa zinauzwa chini ya kaunta na watu ambao hawakufundishwa kitu.

Ndipo TFDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyokuwa ndiyo kwanza imeundwa mwaka huo huo wa 2003, ikishirikiana na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health kwa fedha za mfuko wa Bill Gates na mkewe wa wakati ule, wakaja na wazo jipya. Badala ya kuwafukuza wenye maduka, wawafundishe. Wenye maduka wakapewa mafunzo, watoa dawa wakapewa mafunzo ya wiki chache, maduka yakakaguliwa na kupewa kibali cha kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache zilizoorodheshwa.

Jaribio likafana. Likapelekwa mikoa mingine, na baadaye nchi kama Uganda na Liberia zikaja kuiga. TFDA yenyewe imebadilika, tangu mwaka 2019 inaitwa TMDA, na chakula kimehamia kwingine. Lakini mbegu ilipandwa huku huku kwenye kahawa na mahindi ya Ruvuma.

Nakwambia haya siyo kwa kujaza ukurasa. Somo la mwaka 2003 lilikuwa moja tu: mtu anayempa mwenzake dawa lazima awe amefundishwa. Hilo ndilo unaloliendea ukiomba chuo.

KUMBE NI HESABU!

Nilikaa nje ya duka moja la dawa pale mjini asubuhi nzima. Mtoa dawa ni dada mmoja mcheshi, mwenyeji wa ufukweni. Akaja bwana mmoja, hata salamu hakutoa vizuri.

"Dada, nipe rangi mbili nne."

"Rangi mbili zipi, kaka yangu? Unaumwa nini?"

"Wewe nipe tu. Nne zinanitosha, nazijua."

Yule dada hakumpa. Alimwuliza taratibu, akamweleza kwamba antibiotiki si karanga za kupima kwa kiganja, akamwelekeza zahanati. Bwana akaondoka ananuna, akaenda zake kutafuta duka lenye huruma zaidi.

"Umeona, kaka mwandishi?" dada akaniambia. "Mteja nimemkosa. Lakini angekunywa nne akaacha, wadudu wangebaki wamepata mazoezi."

Nikacheka, lakini maneno yake yalinikaa. Chukua dawa mseto ya malaria, ile ALu ambayo Tanzania iliianza mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001 na SP kushika zamu kwa miaka kadhaa. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Piga hesabu, ni vidonge 24. Mwenye duka akimkatia mteja 12 kwa sababu ana hela ya 12, hajamsaidia. Amemwuzia nusu ya ugonjwa!

Au dawa ya maji ya mtoto. Chupa imeandikwa miligramu 125 katika mililita 5. Daktari ameandika miligramu 250. Unampa mama maelekezo ya mililita ngapi? Kumi. Wewe uliyeikimbia hesabu darasani ukisema "nitasomea dawa", umeikuta hesabu imekutangulia, imekaa kwenye kiti inakusubiri.

Na usidhani kazi hii haina raha zake. Soda ya Coca-Cola ilibuniwa na mtaalamu wa dawa, John Pemberton wa Atlanta, Marekani, mwaka 1886. Yule mama wa Kiingereza aliyeandika riwaya za mauaji, Agatha Christie, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndiyo maana sumu za kwenye vitabu vyake hazikosei. Kwa hiyo anayejua dawa anajua mengi.

NGAZI ZENYEWE HIZI HAPA

Turudi kwenye mlango wa chuo. Vijana wengi niliozungumza nao wanasema "famasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo. Kuna ngazi, na ukikosea ngazi utapanda ukuta.

Ya kwanza ni ile ya mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu. Yale mafunzo ya wiki chache yaliyoanzia huku Ruvuma yalikuwa ruhusa ya kufanya kazi kwenye aina ile ya duka. Hayakuwa cheti cha kukuingizia chuo. Dada yetu wa pale juu anayo, ana uzoefu wa miaka, lakini alipotaka kuomba stashahada hakuulizwa uzoefu. Aliulizwa matokeo ya kidato cha nne, kama dogo aliyemaliza jana.

Ya pili ni stashahada ya sayansi ya famasi. Hii ndiyo inayowafaa wengi wetu tuliotoka kidato cha nne. Ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 katika mpangilio wa NACTVET, zamani NACTE, ambalo ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Ukimaliza unakuwa fundi sanifu wa dawa, ambaye kwenye matangazo ya kazi za serikali anaitwa mteknolojia dawa.

Ya tatu ni shahada, na huyo ndiye mfamasia mwenyewe. Ni miaka minne chuo kikuu, halafu mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi chini ya wakubwa. Muhimbili wamekuwa wakifundisha tangu miaka ya sabini, na siku hizi wapo pia Bugando kule Mwanza, St. John's ya Dodoma na wengineo. Wanaoingia moja kwa moja ni wale wa kidato cha sita waliosoma fizikia, kemia na baiolojia.

Na kwa ngazi yoyote, kumaliza chuo peke yake hakutoshi. Lazima Baraza la Famasi, linalofanya kazi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, likutambue na kukuweka kwenye vitabu vyake. Bila hilo koti lako ni sawa na koti la muuza nyama buchani. Jeupe, safi, lakini haliruhusu kutoa dawa!

MASOMO MAWILI YANAYOAMUA

Sasa sikiliza kwa makini. Kwa stashahada, mwongozo wa NACTVET unadai ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na ndani ya hayo manne lazima iwemo Kemia na Baiolojia. Hisabati na Kiingereza ukiwa nazo ni nyongeza nzuri.

Ufaulu maana yake D na kuendelea. Umesoma vizuri? D inatosha kuomba. Haimaanishi inatosha kupata, maana viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi, hasa kwenye vyuo vya serikali. Lakini mlango haujafungwa usoni pako.

Nilikutana na dogo mmoja stendi, amekata tamaa kabisa. Ana F ya Fizikia. Kuna mtu amemwambia kozi zote za afya zinadai Fizikia, kwa hiyo akafunge virago akauze mitumba. Dogo akaamini! Ukweli ni kwamba zipo kozi, kama ya utabibu, zinazodai Fizikia pamoja na Kemia na Baiolojia, lakini si zote. Stashahada ya famasi haikuidai. Yule kijana ana Kemia C, Baiolojia D, Kiswahili B, Jiografia C, Kiingereza D. Anaweza kuomba kesho asubuhi!

Ila nikamwambia na upande wa pili, maana sipendi kumpa mtu nusu dozi. Siku ukimaliza stashahada ukatamani kwenda chuo kikuu kuwa mfamasia kamili, mwongozo wa TCU umekuwa ukidai wastani wa B au GPA ya 3.0, na juu yake D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa hiyo ile F ya Fizikia haikuzuii leo, lakini imekaa mbele inakusubiri. Akitaka kuiondoa, arudie somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani huwa Novemba, na atafute kituo chenye maabara ya kweli. Fizikia ya vitendo haifanyiki kwa kukariri.

Na wewe uliye kidato cha pili unayesoma hapa kwa kujificha chini ya dawati, jua kwamba maombi yako ya chuo yameshaanza. Ukiiacha Kemia sasa kwa sababu mwalimu mkali, umeiacha famasi.

DALALI WA VYUO

Haya, tumefika kwenye yale mambo yenyewe. Mbinga mkulima anavuna kahawa katikati ya mwaka, anaipeleka AMCOS, anasubiri malipo. Na katikati ya mwaka hiyo hiyo ndipo dirisha la maombi ya vyuo huwa wazi. Misimu miwili inagongana. Mjanja anajua kwamba hapo ndipo mzee ana kijisenti mfukoni na mtoto ana hamu kichwani.

Mzee mmoja wa vijiji vya juu alinisimulia mbele ya kikombe cha chai. Baada ya "shikamoo" na "marahaba" akaanza polepole. Alikuja kijana nadhifu, viatu vinang'aa, simu mbili. Akasema yeye ni wakala wa chuo. Mtoto wa mzee ana F ya Baiolojia. Wakala akacheka, akasema, "Mzee wangu, hilo dogo sana. Sisi tutampitisha. Wewe toa ya kushika nafasi."

"Nikamwuliza, mwanangu, huko kumpitisha ni kupitia wapi?" mzee akaniambia. "Kwa sababu mimi kahawa yangu mbovu ikienda kupimwa, hakuna wa kuipitisha. Wanaitoa."

Wakala akaudhika, akaondoka. Mzee hakutoa hata senti. Shule hakwenda mbali, lakini nakwambia alimpita akili wakala na simu zake mbili!

Si wote wenye bahati ya baba wa namna hiyo. Binti mmoja wa ufukweni, nitamhifadhi jina, baba yake aliuza injini ya mtumbwi. Si nyavu, injini yenyewe! Hela ikaenda kwenye chuo fulani kilichokuwa na kibao kizuri, na picha za wanafunzi wamevaa makoti. Akasoma mwaka mzima. Akafaulu majaribio ya chuoni, akawa anapiga picha na kutuma nyumbani. Ulipofika wakati wa mitihani yenyewe, jina lake likawa halimo kwenye mfumo. Kufuatilia, kumbe chuo kilikuwa na usajili wa kozi nyingine. Famasi hakikuruhusiwa!

"Mimi nilijua chuo kikisajiliwa, kimesajiliwa," aliniambia huku anakunja kunja kitambaa mkononi. "Sikujua kwamba kila kozi inahesabiwa peke yake."

Leo anauza vipodozi. Baba yake anavua kwa makasia. Hela ya ada haikurudi, na yule aliyewashawishi namba yake haipatikani. Binti ana C ya Kemia na C ya Baiolojia, yaani sifa alikuwa nazo tangu mwanzo! Hakuhitaji mtu wa kumpitisha popote.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, mwenye sifa hahitaji dalali, na asiye na sifa dalali hawezi kumsaidia. Sasa niambie, dalali analipwa kwa kazi gani?

STESHENARI NAYO INA MAMBO

Maombi yenyewe siku hizi ni ya mtandaoni. Kwa miaka ya karibuni vyuo vya afya vya serikali vimekuwa vikiombwa kupitia mfumo wa NACTVET, na vya binafsi unaomba chuoni kwenyewe, kisha majina yanapelekwa NACTVET kuhakikiwa. Utaratibu hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako. Usisome la kaka yako.

Wengi wetu hatuna kompyuta, tunakwenda steshenari. Hakuna ubaya. Lakini pale Mbinga nimesikia visa vya kuchekesha na kuliza kwa pamoja.

Kisa cha kwanza ni simu. Kijana wa steshenari ana haraka, foleni ndefu, anajaza namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe kwa kila mteja. Ujumbe wa kuthibitisha nafasi unakuja kwenye simu yake. Yeye ameshahamia Songea, na wewe uko shambani unachuma kahawa. Siku saba zimepita, nafasi imekwenda! Namba iwe yako, nywila uiandike wewe, na ukae karibu na laini yako.

Kisa cha pili ni majina. Mbinga ukisimama sokoni ukaita "Ndunguru!", nusu ya soko itageuka. Nusu iliyobaki ni akina Kapinga, Komba na Nchimbi. Kwa hiyo herufi moja ni jambo kubwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ndunguru, cha kidato cha nne kinasema Nduguru, kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo ambalo shuleni halikuwepo. Mifumo haina utani, haijui kwamba wote ni wewe. Rekebisha mapema kwa kiapo na taratibu za RITA. Usingoje wiki ya mwisho.

Kisa cha tatu ni kuchagua vyuo kwa sifa za jina. Kila mtu anataka Dar es Salaam, ambako kutoka Mbinga ni zaidi ya kilomita 1,000. Unajua nauli? Unajua chumba? Kuna vyuo vya stashahada Moshi, kwa mfano Kilimanjaro School of Pharmacy, na kuna vingine mikoa ya kwetu ya kusini. Fungua kitabu cha mwongozo cha NACTVET, kiko wazi kwa kila mtu. Kinaonyesha chuo, kozi, sifa na ada. Hicho kitabu ndiyo dalali wako, na hakidai soda.

PESA, BABA LAO

Usiingie kwa kuangalia ada peke yake. Kuna sare, koti, chakula, chumba, bima, michango ya mitihani na yale mazoezi ya kazini ambayo unaweza kupangiwa hospitali ya mbali. Kaeni na mzazi, andikeni kwenye karatasi, zidisheni kwa miaka mitatu. Kama kahawa inatosha mwaka wa kwanza tu, jadilini mwaka wa pili kabla hujafunga begi.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa kozi zilizotajwa kwenye orodha. Usiseme "afya si wanapewa?" ukaenda kichwa kichwa. Tazama orodha ya mwaka wako kama kozi yako imo. Kama haimo, usijenge nyumba juu ya mkopo ambao hujapewa.

MASWALI YA KUMBANA NAYO MTU

Kata kipande hiki, bandika ukutani:

1. Je, kozi ya famasi, siyo chuo tu, imo kwenye mwongozo wa NACTVET wa mwaka huu kwa jina la chuo hiki?

2. Je, Baraza la Famasi linawatambua wanaomaliza hapa? Piga simu, uliza. Kuuliza si ujinga.

3. Je, Kemia yangu na Baiolojia yangu zina D au zaidi? Kama hazina, narudia lini?

4. Je, malipo yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au akaunti ya chuo, au kwenye simu ya mtu? Ikiwa ni simu ya mtu, simama hapo hapo.

5. Je, majina yangu yanafanana kwenye vyeti vyote?

6. Je, nikimaliza nikitaka shahada, ninakosa nini? Wenye stashahada wanaoomba chuo kikuu hutakiwa pia kuwa na namba ya uhakiki kutoka NACTVET, inaitwa AVN.

Ukipata jibu la "usijali, tutaweka sawa" kwa swali lolote kati ya haya, chukua kofia yako uondoke. Kama ni msichana, chukua mkoba.

Najua kuna watakaosema, mwandishi huyu mwenyewe ni wa kidato cha nne, tena wa mchepuo wa sanaa, anajua nini kuhusu famasi? Sawa kabisa! Mimi sitoi dawa, naandika tu. Lakini kusoma mwongozo hakuhitaji digrii, na kumwuliza mtu "huko kupitishwa ni kupitia wapi?" hakuhitaji hata darasa la saba.

Halafu mkumbuke mtu mmoja ambaye hatumtaji kwenye mazungumzo haya yote ya ada na vyeti. Ni mama wa Lituhi mwenye mtoto wa moto mgongoni, anayesukuma mlango wa duka saa mbili usiku. Yeye hajui kama uliingia chuo kwa sifa au kwa kupitishwa. Anaona koti jeupe, anaamini. Unachomwambia, mililita tano au kumi, ndicho atakachompa mtoto.

Huyo ndiye anayestahili uombe chuo kwa njia ya halali.

Dada yetu wa kaunta, yule aliyemnyima bwana rangi mbili, mwaka huu amejaza fomu. Ana sifa zote, kumbe alikuwa hajui tu. Namba ya simu ameweka yake, na amenunua kitabu cha Kemia cha kidato cha tatu kujikumbusha. Anakisoma pale pale dukani wateja wakipungua, kidole kwenye mstari, midomo inatembea.

Haya, kila la heri wote mnaoomba. Tukutane wiki ijayo, na panapo majaliwa nitarudi kwenye mapenzi. Alamsiki!